Susa na Sinia Lake

Leo nina ugomvi mdogo na watu wa mjini, hasa wa Nairobi na Mombasa, na ugomvi wenyewe ni wa maziwa ya ngamia. Mmeyafanya dawa. Mtu akisikia maziwa ya ngamia siku hizi, swali lake la kwanza ni yanatibu nini. Kisukari? Presha? Tumbo? Ananunua chupa moja, anaamka alfajiri, anaziba pua na kupiga kikombe kabla hajatia kitu tumboni, kama anayekunywa mwarobaini. Kisha anapangusa mdomo na kutangaza kwamba hayana ladha ila yanasaidia. Mimi namjibu hivi: ungepata wapi ladha yake na umeyanywa peke yake, tena kwa hofu? Maziwa haya yana chakula chake. Mwenye kutaka kuyajua ayakute kwenye sinia.

Basi twende Elwak. Ukishika njia kutoka Garissa utapita Modogashe, Habaswein, Wajir, Tarbaj na Kotulo, na ukifika Elwak umekwisha kuingia Kaunti ya Mandera, mpaka wa Somalia uko ubavuni mwako. Ng'ambo kuna Elwak nyingine, ya mkoa wa Gedo, na watu wa pande hizo mbili wameoleana tangu zamani. Mji ulijulikana kwa visima kabla haujawa mji. Wafugaji walinywesha ngamia hapo kabla mzungu yeyote hajachora mstari kwenye karatasi, na mpaka leo jilaal inapokaza, kile kiangazi cha Januari hadi Machi, visima ndivyo vinavyoamua nani atakuwa na maziwa na nani atakunywa chai ya rangi. Wengi wa wenyeji ni Wagarre, na wana majirani wa koo nyingine. Ni mji wa Kiislamu, kwa hiyo kileo hakina nafasi pale mezani.

Nataja kileo kwa sababu kuna tabia moja ya Wafaransa ninayoipenda hata kama chupa yao siigusi. Kule Bordeaux wanachukua zabibu za aina mbili, Sémillon na Sauvignon Blanc, wanachanganya mvinyo wake mweupe, kisha wanakaa kitako na kubishana: huu unafaa chaza, au kuku, au jibini ya mbuzi? Ubishi unaweza kumaliza chakula chote. Swali lao ni zuri: kinywaji hiki kinakwenda na nini? Elwak swali hilo linajibiwa kila siku, na wanaolijibu ni kina mama, tena bila kitabu wala pambo la maneno. Wao pia wana kinywaji cheupe, nacho pia ni mchanganyiko.

Tuanze na mchanganyiko huo, maana mtu wa mjini hudhani maziwa ni maziwa tu. Ngamia hukamuliwa na wavulana na wanaume. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja na kuuegemeza kwenye goti la ule aliosimamia, na chombo kimekaa juu ya paja. Kwanza ndama anaachiwa anyonye kidogo, ili mama ashushe maziwa. Yakishuka, kuna dakika mbili hivi tu, basi. Mikono isipokimbia, maziwa yanapanda tena na hakuna wa kumlazimisha. Chuchu ni nne, na desturi ni kumwachia ndama sehemu yake. Mara nyingi chuchu mbili hufungwa kwa kamba ili asizimalize akiwa malishoni. Kinachopatikana kwa ngamia mmoja humiminwa pamoja na cha mwenzake, na cha mwenzake, na hapo ndipo mchanganyiko unapozaliwa: huyu amezaa juzi, yule ananyonyesha mwaka wa pili, huyu amekula majani ya mgunga, yule ameshinda kwenye vichaka vyenye chumvi. Maziwa ya aliyekula vichaka vya chumvi yana uchumvi wake, na mwenye ulimi mzuri ataujua.

Na kuna jambo la maji. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Israeli, Reuven Yagil na Zvi Etzion, walichapisha matokeo yanayoshangaza hadi leo. Ngamia aliyenyimwa maji, maziwa yake hayakuwa mazito kama ambavyo mtu angetarajia. Yalizidi kuwa mepesi. Maji ndani yake yalipanda kutoka asilimia 86 hivi hadi 91, na mafuta yakashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1. Mnyama mwenye kiu anamnywesha mwanawe maji. Kwa hiyo maziwa ya jilaal na maziwa ya gu, ile masika ya Aprili hadi Juni, hayawezi kukaa mezani na chakula kilekile. Ya gu yana mafuta, yanashibisha, yanataka chakula chepesi. Ya jilaal ni membamba, makali kidogo, yanataka nyama. Lakini tusisahau kwamba kuna miaka hakuna gu ya kuzungumzia. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikatika kaskazini mwa Kenya. Ng'ombe walikwisha kwanza, lakini hata ngamia walianguka, na mwaka wa namna hiyo hakuna anayeuliza kinywaji kinakwenda na nini.

Sasa chombo. Chombo cha asili ni dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi zikabana mpaka hakivuji, au kibuyu. Kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa. Mama anachukua kijinga cha moto, cha mgunga au mti mwingine wa moshi mzuri, anakiingiza ndani, anakizungusha, anafunika kidogo moshi ujikusanye, kisha anakitoa na kupangusa masizi. Moshi huo unasafisha na pia unatia ladha. Maziwa yanatiwa, yanafungwa, yanaachwa mahali penye kivuli siku moja au mbili, na joto la Elwak linafanya kazi iliyobaki. Ndiyo susa hiyo.

Msiitarajie iwe nzito kama maziwa lala ya dukani, au mursik ya ndugu zetu Wakalenjin. Susa hubaki nyepesi, inamiminika. Wengine wanaichukulia kuwa imeharibika au imetiwa maji, na hapo wanamdhulumu muuzaji. Sababu iko kwenye protini. Maziwa ya ng'ombe yana kesini ya aina ya kapa kwa wingi, na hiyo ndiyo inayosaidia kuganda kwa nguvu. Ya ngamia yana kidogo sana. Ndiyo maana pia jibini ya maziwa ya ngamia ilisumbua watu muda mrefu. Huko Nouakchott, Mauritania, mama mmoja, Nancy Abeiderrahmane, mwanzilishi wa kampuni ya maziwa ya Tiviski, alihangaika nayo hadi akafaulu, na mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Sisi huku hatukuhitaji jibini. Wepesi wa susa ndio unaoifanya kinywaji: uchachu, moshi, mafuta kidogo, na inateremka kooni bila kukwama.

Tuje kwenye sinia.

Maziwa mabichi ya asubuhi, yenye povu bado, mwenzake ni tende. Uchumvi wa maziwa na utamu wa tende vinapatana bila kusukumwa, na ndivyo wengi wanavyofuturu Ramadhani katika nchi hiyo yote. Tende iwe laini. Ile kavu ya kutafuna inakumalizia maziwa kabla hujafika kwenye kokwa.

Susa changa, ya siku moja, ambayo uchachu wake ndio kwanza unaanza, ni ya anjera. Anjera yenyewe imechachuliwa usiku, ina matundu upande mmoja, na asubuhi hupakwa samli au mafuta ya simsim na sukari kidogo. Hapa kuna siri ambayo sijaisikia ikisemwa: vitu viwili vyenye uchachu vikikutana havizidishani ukali ikiwa mafuta yako katikati. Toa samli, uchachu unakuwa mwingi na anjera inaonekana mbichi. Rudisha samli, mambo yanatulia. Watoto wengi huivunja anjera ndani ya bakuli, wanamwagia susa na kula kwa kijiko, na kusema kweli hata watu wazima wakiwa nyumbani hufanya hivyo.

Susa iliyokomaa, ya siku mbili, ile ambayo ukiinusa moshi unakuja kwanza na uchachu unafuata, hiyo iwekeeni nyama. Na nyama ya kwanza ni nyirinyiri. Kwa msioijua: nyama ya ngamia hukatwa vipande virefu, hukaushwa juani, kisha hukatwakatwa vipande vidogo sana, kama punje kubwa za mahindi, na kukaangwa hadi maji yote yatoke. Inatiwa hiliki na kitunguu saumu, inafunikwa kwa mafuta yake au samli, na inakaa miezi bila friji. Ni chakula cha safari, cha harusi, cha mgeni aliyekuja bila taarifa. Lakini ina mafuta jamani, na ukila vijiko vitatu mdomo umejaa ute wa samli. Hapo ndipo susa inapoonyesha kazi yake. Funda moja linakata mafuta, ulimi unakuwa mpya, na mkono unarudi kwenye nyirinyiri wenyewe. Nimeona watu wakijaribu nyirinyiri na soda baridi. Samli inaganda kwenye kaakaa, na sukari ya soda inaifanya nyama ionekane chumvi tupu. Nimeona pia wakiila na chai tamu, hilo si baya. Lakini susa ndiyo yenyewe.

Ini la ngamia na mafuta ya nundu nalo ni jambo la susa. Ini hukaangwa haraka na vitunguu, vipande vya nundu vikitupiwa humo viyeyuke. Ini likikaa motoni sana linakuwa gumu na hakuna kinywaji kitakachoweza kuliokoa. Likiwa laini, uchungu wake mdogo unapatana na moshi wa susa. Na hapa naomba kitu kimoja kwa ndugu zangu wa pwani: msikamulie ndimu. Najua ni tabia, nami ni mmoja wenu, nyama bila ndimu tunaiona uchi. Lakini uchachu uko tayari kwenye kikombe. Ukiweka na wa pili kwenye sahani, utaonja asidi tu, na ini limepotea. Hali kadhalika ukwaju.

Kuna wali, na kuna baasto, yaani tambi za Kiitaliano. Mtu akishangaa tambi zimefikaje jangwani, akumbuke kwamba Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya ya Waingereza mpaka 1925 walipoikabidhi Italia, na kuanzia hapo Mwitalia alikaa ng'ambo ya visima vya Elwak kabisa. Waingereza na Waitalia walipigana hapo hapo. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwashambulia Waitalia Elwak na kuwafukuza. Ukienda Accra utakuta uwanja wa mpira unaoitwa El-Wak hadi leo, na nadhani mashabiki wengi wanaokaa mle hawajui kuna mji wenye jina hilo, wala kwamba ndiko wazee wao walikopigana. Mwitalia aliondoka, tambi zikabaki. Zinaliwa na mchuzi wa nyama na ndizi mbivu pembeni, ndizi inamegwa pamoja na tambi, na watu wa Nairobi hucheka mpaka waonje. Sasa chakula hiki chenye utamu wa ndizi, ukali wa pilipili na mchuzi wa nyanya nakiona kinaitaka susa changa kuliko iliyokomaa. Nyanya tayari ina uchachu. Wapo watakaonipinga, na wana haki. Hii ni hukumu ya ulimi wangu.

Chai nitaipitia haraka, kwani mnaijua. Maziwa ya ngamia, majani, sukari nyingi kuliko daktari anavyopenda, hiliki, mdalasini, tangawizi. Ule moshi wa chombo ndio unaoitofautisha na chai ya kwingine. Iende na sambusa au mahamri, na mambo yameisha. Lakini msikose bun. Kahawa nzima na maganda yake, imekatwa ncha, inakaangwa kwenye samli hadi ipasuke na kunukia nyumba nzima, kisha inamiminiwa maziwa ya moto. Unakunywa maziwa na kutafuna kahawa. Wagarre, Waborana na Wagabra wanajua heshima yake, na hutolewa kwenye dua na kwenye furaha. Hapa maziwa na chakula vimekuwa kitu kimoja, hata ule ubishi wa Wafaransa hauna pa kuanzia.

Samaki? Wazee wa pwani walitukataza samaki na maziwa, na madaktari wanasema hakuna sumu yoyote hapo. Mimi nawaunga mkono wazee kwa sababu nyingine: samaki wa kupaka ana nazi, nazi ina mafuta na utamu wake, na susa ikiingia hapo kila mmoja anamzuia mwenzake. Waacheni kila mmoja na kwao.

Nirudi kwenye ugomvi wangu. Sikatai kwamba maziwa haya yana faida. Yana vitamini C mara kadhaa zaidi kuliko ya ng'ombe, na kwa mfugaji ambaye mboga na matunda ni nadra, hilo ni jambo kubwa. Kuhusu kisukari, kuna tafiti zilizofanyika Bikaner, Rajasthan, India, ambapo wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliopewa maziwa ya ngamia kila siku walihitaji insulini kidogo kuliko kabla. Lakini sikilizeni vizuri: walihitaji kidogo, hawakuiacha. Na waliopimwa hawakuwa umati. Anayekuuzia chupa na kukwambia utupe dawa zako anakuua huku anatabasamu.

Upande wa pili wa sarafu hausemwi na wauzaji wa miujiza. Maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa yanabeba bruselosi, ile homa inayopanda na kushuka kwa miezi, viungo vikiuma, na watu wakitibiwa malaria ambayo hawana. Kuchachuka peke yake si kinga ya kutegemea. Mwaka 2005 watafiti wa Kenya walichapisha orodha ya viumbe vidogo waliovikuta kwenye susa. Walikuta bakteria wazuri wa kuchachua, kama Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, na hamira za aina kadhaa. Ni jamii nzima inayoishi kwenye chombo, na haiji kwa mpangilio uleule kila siku. Ndiyo maana susa ya leo si ya jana. Chombo kikiwa kichafu, jamii hiyo inaingiliwa na wengine usiowataka. Mtungi wa njano wa plastiki, ule wa mafuta ya kupikia, ndio adui mkubwa. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii kuusugua, na plastiki haivumilii kijinga cha moto. Unasafiri kwa urahisi juu ya bodaboda na haupasuki, kwa hiyo umeshinda. Lakini moshi umepotea, na ladha nusu imekwenda nao.

Dawa ya hilo ipo na si ngeni. Mwaka 1990 Zeno Farah na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya Kenya: maziwa ya ngamia yalipashwa moto kwanza, yakapozwa, yakatiwa chachu safi, na walioonja waliyapokea. Nyumbani unaweza kufuata njia hiyohiyo. Chemsha, acha yapoe hadi vuguvugu, tia vijiko vichache vya susa nzuri iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, funika, subiri mpaka kesho. Ukipata kibuyu kilichofukizwa, bora zaidi. Wakongwe watasema ladha imepungua, nami sitabishana nao, lakini aliyewahi kuugua bruselosi hatarudia hoja hiyo mara mbili.

Kwa mlio Nairobi, hamna haja ya kupanda basi hadi Mandera. Eastleigh ina maziwa ya ngamia kila siku, mengi yakiletwa kwa basi kutoka Isiolo, ambako kina mama wa ushirika wa Anolei wamejenga biashara yao kwa kukusanya maziwa ya wafugaji na kuyatuma mjini. Muulizeni muuzaji yamekamuliwa lini. Atakuwekea tone kiganjani. Onjeni kabla ya kulipa, ndiyo kawaida, hakuna atakayenuna. Chukueni lita moja, mkayachemshe na kuyachachusha kwa njia ile niliyoieleza. Susa ikiwa tayari, pitieni buchani mtafute nusu kilo ya nyama ya ngamia, mwambieni awakatie na kipande cha nundu. Pikeni polepole, chumvi kidogo, hiliki mbili tatu, na ndimu muiache kapuni. Kisha leteni susa mezani, kikombe kimoja kwa kila mtu, na chakula kikiwa bado moto.